Sura ya Askari Katika Kidani

Katika masanduku ya wazee wa Ulaya huonekana hata leo vidani na bizimu za kale zenye sura ndogo ya askari. Yafaa tueleze asili ya mapambo hayo, kwa maana yana fundisho kwetu sisi wa Uvira na wa pwani ya kaskazini ya Tanganika.

Desturi hiyo ilienea sana Uingereza wakati wa Vita Kuu ya 1914-1918. Kijana aliyekwenda vitani alimwachia mama yake, mkewe au mchumba wake bizimu yenye alama ya kikosi chake, au kidani chenye umbo la moyo, kinachofunguka kama kifuniko cha saa. Ndani yake ilitiwa picha yake iliyokatwa ndogo. Wenye mali walinunua cha dhahabu. Maskini walitosheka na shaba au gamba la chaza. Katika vita vya 1939-1945, madini yalipohitajiwa kwa silaha, hasa Marekani, mengi yalitengenezwa kwa mti na plastiki. Wala hayakupungua thamani, kwani kilichopendwa ni ile sura.

Je, na askari wetu? Mwaka 1916 jeshi la Kongo, Force Publique, likiongozwa na Jenerali Tombeur, liliingia katika nchi zilizoshikwa na Wajerumani. Wengine walivuka mto Ruzizi, karibu nasi. Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ilitekwa tarehe 6 Juni, Kigoma 28 Julai, na Tabora 19 Septemba. Nao pia walikuwa na wapenzi wao. Lakini katika jeshi lile wake wa askari walizoea kuishi kambini, na wengine waliufuata msafara wakipika na kubeba vyombo. Mwanamke wa namna hiyo hakuvaa sura ya mumewe kifuani. Alitembea nyuma yake. Tena walikuwapo wapagazi, wengi kuliko askari mara nyingi, ambao njaa na maradhi viliwaua njiani. Waliopigwa picha ni wachache, na chini ya picha hizo kwa kawaida hakuna jina lolote.

Katika vita vya pili askari wa Kongo walifika hata Uhabeshi, ambako Waitalia wa Saio walisalimu amri Julai 1941. Huenda jamaa fulani miongoni mwenu bado ina picha ya babu aliyevaa sare. Basi mwulizeni mzee, angali hai: huyu ni nani, mwana wa nani, wa kijiji gani, alipigana wapi? Yaandikeni majibu nyuma ya picha kwa penseli laini. Kidani cha kale msikifungue kwa nguvu, wala msikioshe kwa maji, yasije yakaingia na kuharibu karatasi. Picha iwekwe katika kopo kavu, mahali pa juu, na nakala yake ipelekwe kwa ndugu walio mbali. Mafuriko ya mto Mulongwe, Aprili 2020, yalitufundisha jinsi vitu vya nyumba nzima vinavyoweza kutoweka kwa usiku mmoja.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na sura bila jina ni vivyo hivyo. Mjukuu ataitazama, ataisifu sare yake, lakini hatajua kwamba ni babu yake.