Sauti Njema Sebuleni: Kuchagua Mtambo Mdogo wa Spika na Kuishi Nao kwa Amani

Televisheni za siku hizi zimekuwa nyembamba kama ubao wa chuoni, na wembamba huo una gharama yake. Spika huhitaji nafasi ya kusukuma hewa. Televisheni nyembamba haina nafasi hiyo. Aghalabu spika zake ni ndogo, nazo zimeelekezwa chini au nyuma ukutani, wala si kwa wanaosikiliza. Matokeo yake twayajua sote: picha ni safi, lakini maneno yamemezwa. Bibi aliyeketi kitini haisikii vyema taarifa ya habari, sauti yapandishwa kwa rimoti, na tangazo linalofuata lawaamsha watoto waliokwisha kulala.

Hapo ndipo familia nyingi huanza kufikiria kununua mtambo mdogo wa sauti, ule ambao vijana wetu huuita wufa. Si kitu cha bei ndogo, na kikishaingia nyumbani hukaa miaka mingi. Kikichaguliwa vyema, kila mtu husikia bila ya kelele. Kikichaguliwa vibaya, hula akiba ya nyumba, huyaumiza masikio ya watoto na huwafanya majirani waliokuwa wakipelekeana futari wasisalimiane. Kwa kuwa mara nyingi mama wa nyumba ndiye anayeishi na chombo hicho mchana kutwa, twaona ni haki yake kukijua kabla ya fedha kutoka mkobani.

Mtambo huu ni nini?

Mwaka 1931, mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya njia ya kurekodi sauti kwa mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia. Yasimuliwa kwamba fikra hiyo ilimjia akiwa sinemani pamoja na mkewe: mwigizaji alikuwa upande mmoja wa kiwambo, na sauti yake ikitoka upande mwingine. Haja aliyoiona ndiyo haja yetu hadi leo, kwamba sauti itoke pale jicho linapotazama.

Tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi zafuata fikra hiyo. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya mikondo ya kawaida, na ya pili ni ya sabufa, yaani spika ya besi. Mtambo wa 2.1 una spika mbili na sabufa moja. Wa 5.1 una tatu za mbele, yaani kushoto, katikati na kulia, mbili za kando au nyuma ya wasikilizaji, na sabufa. Ile ya katikati ndiyo ibebayo sehemu kubwa ya mazungumzo. Kuna pia saundiba, ubao mrefu wa spika uwekwao chini ya televisheni, ambao baadhi yake huja na sabufa ya peke yake.

Sikio la mwanadamu aliye mzima husikia kuanzia karibu hezi 20 hadi 20,000. Sauti nzito za chini zina tabia moja ya ajabu: sikio halitambui kwa urahisi zatoka upande gani. Kwa sababu hiyo watengenezaji huitia besi yote katika sabufa moja inayoweza kufichwa kando ya kochi, na spika zilizosalia zikawa ndogo kama kikombe. Udogo huo si udanganyifu. Lakini una mpaka, kwani spika iliyo ndogo mno huacha pengo kati yake na sabufa, na pengo hilo likiangukia katika sauti ya mwanamume, kila msomaji wa habari huwa kama anazungumza ndani ya kopo.

Anza na chumba, usianze na duka

Nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokadiria upana wa chumba. Kwa hivyo vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Ndani ya chumba kama hicho, ambamo makochi yameegemea ukuta, spika za nyuma hazina mahali pa kukaa. Zitatundikwa juu ya vichwa vya watu na kuwapigia kelele masikioni. Hapo mtambo wa 2.1 au saundiba yenye spika ya katikati watosha, na fedha za spika za ziada zabaki mfukoni.

Nyumba za ghorofa za leo zina maradhi mengine. Sakafu ni ya vigae, kuta ni za simiti, madirisha ni ya vioo, na sauti huruka kutoka huku hadi kule kama mpira. Simama katikati ya sebule yako upige kofi moja. Ukisikia mlio ukibaki hewani, basi tatizo lako la kwanza si televisheni bali ni chumba chenyewe. Tandika zulia au mikeka, tundika pazia nzito, ongeza mito, kisha usikilize tena. Zipo nyumba ambazo zitatosheka hapo hapo, bila ya kununua chochote. Tazama vilevile ndani ya mpangilio wa televisheni yako. Nyingi zina chaguo la kuyapa maneno nguvu na kupunguza muziki.

Dukani

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, nasi twaona methali hiyo yafaa kubandikwa juu ya mlango wa kila duka la spika. Utaonyeshwa maelfu ya wati kwa herufi kubwa, na kando yake herufi PMPO. Hicho si kipimo cha kutegemewa, kwani hakina kanuni moja inayokubaliwa na wote. Uliza wati za RMS, ambazo ndizo nguvu ambazo mtambo waweza kuzitoa mfululizo. Na hata hizo zisikubabaishe. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli tatu tu, ilhali sikio lahitaji karibu desibeli kumi ndipo lione sauti imekuwa kubwa mara mbili. Sebule ya kawaida haihitaji zaidi ya makumi machache ya wati za kweli.

Usikubali kujaribiwa mtambo kwa wimbo wa muuzaji, ambao umechaguliwa kwa ngurumo yake. Nenda na simu yenye vitu unavyovijua: kisomo cha Qur'ani cha msomaji uliyemzoea, mawaidha, au taarifa ya habari. Omba sauti ishushwe, kwani mtambo mwema hujulikana kwa sauti ya chini. Ukisikia kila herufi, na pumzi ya msomaji kati ya aya na aya, umepata. Ukisikia besi yatetemeka huku maneno yamefifia, ondoka.

Pili, tazama nyuma ya televisheni yako kabla ya kutoka nyumbani, na ikiwezekana uipige picha. Tundu la HDMI lililoandikwa ARC ndilo bora, kwa kuwa waya mmoja hupeleka sauti na rimoti moja huamuru vyote viwili. Likikosekana, tafuta tundu la waya wa mwanga. Bluetooth ni rahisi, lakini huweza kuchelewesha sauti, midomo ikatangulia na maneno yakafuata.

Tatu, kwa sababu jamaa zetu wengi wako Ghuba na hutuletea zawadi, soma kibandiko cha umeme. Stima yetu ni ya volti 240 na hezi 50. Chombo kilichoandikwa 100–240V kitafanya kazi popote. Kilichoandikwa volti 110 pekee kitaungua siku ya kwanza kuchomekwa.

Ama kuhusu malipo, dai risiti na waranti iliyoandikwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 champa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaostahiki na maelezo anayoyahitaji. Ukinunua kwa malipo ya pole pole, soma mkataba mpaka mwisho. Bei iliyokubaliwa tangu mwanzo ni jambo moja, na nyongeza inayokua kila mwezi unapochelewa ni jambo jingine. Usipoelewa, muulize mwenye elimu kabla ya kutia sahihi, si baada yake. Wufa si mchele wala ada ya shule, nao waweza kungoja mpaka akiba itimie.

Kuuweka

Spika za kushoto na kulia ziwe mbali baina yao sawa na umbali wa kila moja hadi kwa anayesikiliza, na zilingane na urefu wa masikio ya mtu aliyeketi. Ya katikati ikae chini au juu ya televisheni, ikielekea watu. Sabufa usiisukume pembeni kabisa, kwani kona huikuza besi mpaka ikafunika kila kitu. Iweke juu ya mpira mnene au zulia, wala isiegemee ukuta wa jirani.

Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na chumvi hula shaba. Ncha za waya zikiwa za kijani, zikate, uzimenye upya na kuzifunga barabara. Usiufunike mtambo kwa kitambaa cha mapambo ukiwa wawaka, maana joto lataka njia ya kutoka. Chomeka kupitia kifaa cha kulinda stima, kwani stima inaporudi baada ya kukatika huweza kuja kwa kishindo, na wakati wa mvua ya radi chomoa kabisa. Nyaya zipitishwe nyuma ya fanicha. Mtoto anayetambaa huvuta kila akionacho.

Kuishi nao

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa usikilizaji salama, lapendekeza mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto asizidi desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda wa salama hupungua kwa nusu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vipokeavyo sauti vikishakufa havioti tena. Kipimo cha nyumbani ni chepesi: ikiwa mtu aliye hatua mbili kutoka kwako hakusikii mpaka upaze sauti, mtambo umepita kiasi.

Kisha kuna jirani. Wimbi la besi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba. Ukuta wa tofali huzuia sauti nyembamba, lakini ngurumo hiyo haiuzuii. Kwa hivyo wewe wasikia filamu nzima, na mwenzako wa upande wa pili asikia dum, dum, dum, isiyo na maana wala mwisho. Huenda ana mgonjwa, mtoto mchanga, au mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Kanuni za kelele na mitikisiko za mwaka 2009 zimeweka viwango vikali zaidi kuanzia saa mbili usiku hadi asubuhi. Lakini Mwislamu hangoji afisa wa mazingira abishe hodi. Haki ya jirani tumeusiwa kwa uzito ambao kila mtoto wa chuoni aujua. Mgongee mlango siku ya kwanza, umwombe asikilize akiwa kwake huku wewe wapandisha na kushusha, kisha uutie alama mwisho mliokubaliana. Baada ya isha, izime sabufa au tumia mpangilio wa usiku, ambao huinua maneno madogo na kuushusha mshindo.

Mwisho, nyumba nzima iafikiane. Nani ashike rimoti, sauti ifike wapi, na mtambo uzimwe lini: adhana inapoadhiniwa, wageni wanapobisha, watoto wanapodurusu. Vijana wapewe mchezo wao wa mpira, na bibi apewe kisomo chake cha alfajiri kwa sauti itakayomfikia yeye bila ya kuwaamsha wengine. Maafikiano hayo hayauzwi dukani, na bila yake hata mtambo wa bei ghali huwa chanzo cha ugomvi.

Basi utakapokwenda kununua, chukua vitu vitatu: kipimo cha sebule, picha ya nyuma ya televisheni, na sauti ya msomaji umpendaye katika simu. Na ukirudi mikono mitupu kwa sababu zulia lilitosha, hukupoteza safari.