RAM mfukoni mwa shati

Fundi alizitoa RAM tatu kwenye mfuko wa shati kama mtu anayetoa vocha za simu. Shati lenyewe lilikuwa la nailoni, na zile RAM hazikuwa zimefungwa hata kwa karatasi. Akazimwaga juu ya kabati la kioo, akazipekua kwa kidole: hii ya giga nne, hii nane, hii ya laptop, siyo yako bosi. Ilikuwa Kariakoo, Februari, saa nane mchana, na sote wawili tulikuwa tumelowa jasho.

Nikamuuliza kama haogopi umeme tuli. Akacheka. "Bosi wangu, mwaka wa kumi na mbili huu niko kwenye kazi hii. Sijaunguza hata moja."

Jibu lile nimetembea nalo tangu siku hiyo. Nusu yake ni kweli, na nusu ya pili ndiyo inayowaponza watu.

Umeme tuli haupiti kwenye waya wala haulipiwi luku. Hukaa juu ya vitu ukisubiri mahali pa kukimbilia. Vitu viwili vikigusana kisha vikaachana, elektroni za kimoja huhamia kwa kingine, na vikisuguana ndio kabisa: soli ya kiatu na kapeti, suruali na kiti, selotepu ikibanduliwa kwenye boksi, chanuo la plastiki kwenye nywele kavu. Wagiriki wa kale waliuona kwenye kaharabu, utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ambao ukisuguliwa huvuta mabua. Kaharabu hiyo waliiita elektron, na mwaka 1600 Mwingereza William Gilbert akalitumia jina hilo kuunda neno la Kilatini ambalo ndilo lililowapa Waingereza jina la umeme. Waajemi walikuwa na jina tamu zaidi: kah-ruba, mnyang'anyi wa mabua. Waarabu wakalichukua, na leo kwao kahraba ndiyo umeme wenyewe. Sisi huku pwani tukabaki na kaharabu ya shanga. Mswahili wa Muscat anayelipa bili ya kahraba mwisho wa mwezi analipia shanga za bibi yake bila kujua.

Turudi kwa fundi. Kinachomlinda Kariakoo ni Bahari ya Hindi. Hewa ya Dar es Salaam imejaa unyevu, na unyevu huo hutandaza utando mwembamba wa maji juu ya kila kitu, kuanzia meza na shati hadi ngozi. Chaji ikijikusanya, huvuja taratibu kupitia utando huo kabla haijafika mbali. Mwongozo wa jeshi la Marekani wa mwaka 1980 kuhusu jambo hili una jedwali ambalo wahandisi hulinukuu mpaka leo. Mtu akitembea juu ya kapeti hewa ikiwa kavu, unyevu kati ya asilimia 10 na 20, mwili wake unaweza kufika volti 35,000. Kapeti hiyohiyo, unyevu ukiwa kati ya asilimia 65 na 90, hafiki zaidi ya volti 1,500. Aliyekaa tu kwenye meza ya kazi: 6,000 kwenye ukavu, 100 kwenye unyevu.

Volti 35,000 hazimuui mtu kwa sababu chaji yenyewe ni kidogo mno. Ni kikombe cha maji kilichopandishwa juu ya mnazi. Kikikumwagikia utashtuka, hutazama.

Basi fundi ana haki ya kusema mkono wake hauunguzi, mradi abaki Kariakoo na asiwashe kiyoyozi. Aliposema hajaunguza hata moja, hapo ndipo nilipotaka kumuuliza: ungejuaje?

Mwili wa binadamu huanza kuhisi cheche ya umeme tuli kwenye volti kama 3,000. Chini ya hapo chaji hutoka kidoleni kimya kimya, na mwenye kidole anaendelea kuzungumza habari za Simba na Yanga. Lakini kuna vipuri vya kompyuta vinavyoumia kwa volti mia kadhaa, na vingine chini ya 100. Ile shoti inayokufanya uruke na kusema "lahaula!" ndiyo kubwa, tena ni nadra. Nyingi zinazoharibu hazina sauti wala mwanga.

Chipu huumia upesi hivyo kwa sababu ya jinsi ilivyoumbwa. Imejaa transista, na kila transista ina lango lililotengwa na njia ya umeme kwa kihami chembamba. Kwa miaka mingi kihami hicho kilikuwa kioo cha silika chenye unene wa nanomita chache. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Kila nanomita ya kioo hicho huhimili takribani volti moja kabla ya kutoboka, na kikitoboka hakizibiki. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana huweka dayodi za ulinzi kwenye miguu ya chipu ili chaji ipitie pembeni. Wana hata mtu wao wa maabara: kapasita ya pikofaradi 100 inayomwaga chaji yake kupitia ukinzani wa omu 1,500, kuigiza kidole cha binadamu. Sampuli za kila aina ya chipu hupigwa na "mtu" huyo kabla ya aina hiyo kuuzwa. Ila dayodi nazo zina kiasi chake.

Chipu iliyokufa palepale ina nafuu, kwa sababu unairudisha dukani siku hiyohiyo. Kibaya ni ile iliyojeruhiwa. Inawaka, inapita majaribio yote, halafu baada ya miezi mitatu kompyuta inaanza kuganda katikati ya kazi na kujizima bila sababu. Mwenye nayo anaambiwa ni virusi. Anapigiwa Windows upya, analipa. Wiki ijayo inaganda tena, anapigiwa Windows nyingine. Jeraha la namna hii huonekana kwa hadubini ya maabara, na hakuna fundi wa Kariakoo mwenye hadubini hiyo.

Mpwa wangu alihamia Dodoma kikazi, na Agosti moja akaamua kuunda kompyuta yake mwenyewe ya kuhariri video. Vipuri alivinunua Dar es Salaam, vikaenda kwa basi. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kuisha Aprili. Agosti midomo inapasuka, na ukishuka kwenye gari mlango unakupiga shoti. Kijana akaviunganisha vipuri vyake juu ya kitanda, kwenye blanketi la manyoya, amevaa sweta, kwa sababu usiku kulikuwa na baridi. Saa nne usiku akanipigia: "Mjomba, shikamoo. Imegoma kuwaka."

Tukahangaika kwa simu karibu saa nzima. Ikaja kuwaka, lakini nafasi mbili kati ya nne za RAM zilikuwa zimekufa, na mazabodi ile haikumaliza mwaka. Siwezi kuapa kuwa ni blanketi. Ila ukiniambia nibuni mahali pabaya zaidi pa kuunganishia kompyuta Tanzania nzima, nitakutajia kitanda kile.

Wa Dar msicheke. Kiyoyozi hukamua maji kwenye hewa, ndiyo maana kinadondosha matone nje ya dirisha. Ofisi ya ghorofani Posta, yenye kapeti ukuta kwa ukuta na kiyoyozi tangu saa mbili asubuhi, ina Dodoma yake ya ndani.

Kinga yake ni rahisi kuliko inavyosimuliwa. Unachotaka ni kwamba mwili wako, kasha la kompyuta na kipuri unachoshika viwe na kiwango kimoja cha umeme, ili chaji isiwe na sababu ya kuruka. Watu husema lazima ujiunge na ardhi. Ni vizuri ukiweza, lakini kuungana na kasha ndilo jambo la kwanza.

Kifaa chake ni bangili ya ethi: mkanda wa kuvaa mkononi, wenye waya na kibanio mwishoni. Kibanio hubanwa kwenye chuma tupu cha kasha, mahali pasipo rangi, kwa mfano pembeni mwa tundu la skrubu za pawasaplai. Rangi ni kihami. Nimewaona watu wamebana juu ya rangi na kujiona wako salama. Mkanda nao ukae kwenye ngozi, wala si juu ya mkono wa shati. Ndani ya bangili nzuri kuna ukinzani wa omu milioni moja, na huo upo kwa ajili ya uhai wako wewe. Ikitokea ukashika waya wenye volti 230, ukinzani huo utaruhusu miliampea 0.23 tu zipite kwenye bangili, kiasi ambacho watu wengi hawakihisi hata kidogo. Ndiyo sababu usijitengenezee bangili kwa kipande cha waya wa shaba. Na zile bangili zisizo na waya zinazouzwa mtandaoni, acha. Chaji inahitaji njia ya kuondokea, na pale hakuna njia.

Suala la ethi kwenye nyumba zetu ni hadithi peke yake. Vitabu vya ng'ambo vinakuambia uchomeke pawasaplai ukutani, swichi ya soketi ikiwa imezimwa, ili kasha liungane na ardhi kupitia pini ndefu ya juu. Ni ushauri sahihi kwenye nyumba yenye waya wa kijani na njano uliofika ardhini kweli. Nimefungua soketi za nyumba nilizopanga nikakuta tundu la tatu ni pambo tu. Na sote tunalijua lile tundu kwa kazi yake nyingine, ya kuchokonolewa kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Kama hujathibitisha ethi ya nyumba yako, chomoa waya kabisa, ubaki umeungana na kasha. Inatosha kwa kazi ya nyumbani.

Huna bangili? Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika kipuri chochote, na uguse tena kila unapoinuka kufuata bisibisi au kufungua mlango. Hatua tano kwenye kapeti zinakurudisha ulipoanzia. Vua ndala: sakafu ya saruji tupu hupitisha chaji taratibu, na miguu pekupeku juu yake ni msaada mkubwa ambao hauuzwi dukani. Sharti plagi iwe imechomolewa, maana ukiwa pekupeku na umeme wa ukutani umewaka unatafuta balaa jingine. Vaa pamba. Sweta, manyoya, nailoni na hijabu ya poliesta inayoning'inia juu ya mazabodi vikae mbali. Maboksi meupe ya povu yanayokuja na vifaa yaondoe mezani kabla hujaanza, na selotepu zibandue mbali na vipuri.

Shika vipuri kwa kingo. RAM usiiguse meno yake ya rangi ya dhahabu. Prosesa usiguse chini yake. Hapo hata jasho la vidole linaharibu.

Halafu kuna ule mfuko wa kijivu unaong'aa ambao vipuri huja ndani yake. Una tabaka jembamba la chuma linalozungusha chaji kwa nje isifike ndani, na hufanya kazi hiyo ukiwa umefungwa na hauna matundu. Ule wa rangi ya waridi haukingi chaji inayotoka nje. Kazi yake ni kutojizalishia chaji wenyewe. Wengi hutandika mfuko wa kijivu mezani na kuweka mazabodi juu yake. Kinachokinga ni kuwa ndani ya mfuko, kwa hiyo kukaa juu yake hakuna faida. Boksi la karatasi ambalo mazabodi ilikuja nalo ni kitanda kizuri zaidi. Kabla hujatoa kipuri, shika mfuko kwa mkono mmoja na kasha kwa mwingine kwa sekunde moja hivi, vyote visawazike.

Haya yote si ya kukutia hofu hadi usifungue kompyuta yako. Kwa macho yangu, mazabodi nyingi zaidi zimekufa kwa vijipini vya soketi ya prosesa kupindwa na mkono wenye haraka, na kwa umeme wa ukutani kupanda na kushuka. Kipuri kikishakaa mahali pake na kasha likafungwa, hatari ya umeme tuli hupungua sana. Ni zile dakika za kati, kutoka mfukoni hadi kwenye mazabodi, zinazohitaji adabu. Pawasaplai yenyewe usiifungue kabisa, na televisheni ya kichogo usiiguse ukiwa umevaa bangili. Mle ndani kuna umeme wa kuua mtu, na bangili haikuumbwa kwa ajili ya huo.

Mpwa wangu alinunua mazabodi nyingine. Safari hii aliiunganisha barazani, kwenye saruji, pekupeku, kibanio kimebanwa kwenye tundu la skrubu, na sweta ameliacha ndani. Niliyekuwa naye kwenye simu usiku huo alikuwa mkewe, akiuliza kwa nini mumewe amekaa chini nje kwenye baridi bila viatu. Nafasi zote nne za RAM zinafanya kazi.