Usaha Unatoka Wapi?

Jipu likitumbuka, watu husema, "Uchafu umetoka." Kumbe usaha si uchafu wa damu. Sehemu yake kubwa ni askari wa mwili waliokufa vitani.

Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Bakteria aitwaye stafilokoko akipenya kwenye mchubuko, chembe hizo humkimbilia, humzingira na kummeza. Lakini baadhi ya stafilokoko hutoa sumu ya kuua chembe nyeupe. Mwaka 1932 watafiti wawili wa Uingereza, Panton na Valentine, waliieleza sumu hiyo, nayo ikaitwa kwa majina yao. Vipande vyake huungana kama pete juu ya utando wa chembe na kuutoboa. Chembe huvuja, hupasuka, hufa. Dawa nayo hupenya kwa shida ndani ya usaha. Ndiyo maana daktari hupasua jipu kubwa.

Hapa Nyahanga, kama popote penye jembe na sururu, michubuko haikosekani. Ioshe mara moja kwa maji safi na sabuni. Jipu usilikamue wala kulichanja kwa wembe, hasa la usoni, maana vijidudu huweza kusukumwa kwenye damu. Likande kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu. Kila mtu awe na taulo lake.

Mzazi, mtoto akiwa na homa, na mguu unamuuma hata hataki kuukanyagia, usingoje uvimbe ujitokeze. Huenda jipu limo ndani ya msuli au mfupa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.