Moteri ya nguvu, freni ya zamani: somo la 504 yetu

Siku ile tulikuwa wanne ndani ya motokari, tukitoka Lubumbashi kurudi Likasi, kilometre karibu 120. Ilikuwa siku ya Mungu, mchana, jua kali. Kwenye mteremko mmoja tulikuta kamio ya shaba mbele yetu, inashuka pole pole. Ndugu aliyekuwa anaendesha alikanyaga freni, ikashika. Alikanyaga mara ya pili, ikalegea. Mara ya tatu pedali ilienda mpaka chini, sawa vile mtu anakanyaga hewa.

Alirudisha vitesi ya tatu, ya pili, akavuta freni ya mkono, akaingiza motokari ndani ya majani. Hakuna aliyeumia. Lakini tulibakia mule ndani kimya, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, kwa sababu wote wanne tuko watu wa ateliye ya mgodi. Kila siku tunakataza wenzetu kutosha mashine yenye freni mbaya.

Namna tulifika pale

Motokari yenyewe ni Peugeot 504 coupé, ile ya milango miwili iliyochorwa na Pininfarina na kuonyeshwa Geneva mwaka 1969. Wazee wanaijua. Ndugu zake walishinda Safari Rally ya Kenya mara mbili: 504 ya milango mine mwaka 1975, na coupé ya V6 mwaka 1978. Yetu ilikuwa imelala miaka mingi chini ya mwembe, kwenye kiwanja cha kadre mmoja wa zamani. Tuliinunua kwa likelemba, franga kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi.

Kosa letu lilianza na furaha. Moteri yake ya litre 2 ilikuwa imekufa. Tulipata ya 505 GTI, litre 2,2, nguvu ya farasi 130. Tuliichongea sapo mpya, tukaiingiza, ikalia vizuri sana. Mtaa wote ulikuja kuangalia. Vié mmoja, mekanisiani aliyestaafu, alizunguka motokari, akainama, akauliza: "Bana yangu, moteri nimeona. Na freni iko wapi?" Tulicheka. Tulimjibu kwamba 504 coupé iko na diski kwenye magurudumu yote ine, hakuna shida.

Vié alikuwa na haki. Ukitoka 60 kwa saa ukafika 120, freni haifanyi kazi mara mbili, inafanya mara ine. Kazi hiyo yote inageuka kuwa moto.

Freni: anza na kile kisichoonekana

Tulipofungua, diski zilikuwa bado nzuri. Ugonjwa ulikuwa ndani ya mafuta ya freni. Mafuta hayo yanakunywa maji kutoka hewani, mwaka kwa mwaka. DOT 4 mpya haichemki mbele ya digri 230. Ikishakunywa maji, kipimo chake kinashuka mpaka 155. DOT 3 inatoka 205 na kushuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unakubali kubanwa: ndiyo sababu pedali inaanguka chini. Ukipumzika dakika makumi mbili inarudi, na shofere anasema "imepona". Haijapona.

Basi tulifanya hivi, kwa mpango huu:

Kwanza, mafuta yote mapya ya DOT 4, na kuyabadilisha kila miaka miwili. DOT 5 tuliiacha: hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na zingine.

Pili, flexible zote mpya. Za zamani zinavimba ndani ama zinajiziba, na kwa inje zinaonekana nzuri.

Tatu, piston za etriye kusafishwa na kuwekewa joint mpya, zitembee bila kukwama.

Ine, plakete. Kijana mmoja sokoni alitaka kutuuzia plakete za mashindano. Hizo zinashika vizuri zikishapata moto mkali; asubuhi ukitoka nyumbani bado ziko baridi, na mtoto anakatisha barabara. Tulichukua plakete za kawaida zenye alama ya E na namba za R90. Zisizokuwa na alama yoyote, hata karto ikiwa nzuri, tuliziacha mezani.

Wengine walitushauri kuweka diski kubwa nyuma, juu ya sura. Hapana. Ukiongeza nguvu nyuma bila kupima, gurudumu la nyuma linafunga la kwanza na motokari inajigeuza. Kama unataka kubwa, anza mbele, na upime pampu kuu na kigawanyaji cha nyuma pamoja.

Neno moja kwa wafanyakazi wenzetu: plakete na tambura za zamani nyingi zilikuwa na amianti. Ufaransa iliikataza mwaka 1997. Usipulize vumbi la freni kwa kompresa. Lowesha kwa maji, panguza kwa kitambaa, tupa kitambaa. Tuko na vumbi la kutosha ndani ya mapafu yetu.

Mapine: usinunue macho

Fabrika iliweka 175 HR14. Kwa kwado ya kwanza walitupa 185 R14 C, zile za minibisi, kwa sababu ziko kila fasi. Zinabeba kilo nyingi, lakini ziko ngumu, na chini ya motokari nyepesi zinateleza mvua ikinyesha. Tulikataa.

Kisha tulijaribu janti zilizokuja na 505. Zilikuwa TRX, milimita 390. Inchi 15 ni milimita 381. Pine ya inchi haiwezi kukaa pale, hata kwado akitumia nguvu na sabuni. Janti hizo zinataka pine za TRX peke yake.

Mwisho tulichukua 185/70 R14 88H kwenye janti zetu wenyewe. 88 maana yake kilo 560 kwa kila pine. H maana yake 210 kwa saa, sawa na ya fabrika. Ziko ndogo kidogo: motokari imeshuka karibu senti moja na nusu, na mita ikisema 100, kweli unaenda 96. Tulikubali. Pembeni bado kuna senti karibu 13 za kaushu, na kwa mashimo yetu hiyo ndiyo inaokoa janti.

Kwa pine za okazyo, soma namba ine za mwisho kwenye DOT: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Pine inaweza kuwa na meno marefu na kuwa mzee. Chini ya milimita 3, wakati wa mvua, usiende barabara kubwa.

Deni letu

Freni na mapine vilikula franga zaidi ya moteri. Tulipashwa kuanza hapo.

Na somo halikubakia kwenye garaji. Juma lililofuata, kwenye mkutano wa sendika, tuliuliza swali la vié juu ya bisi zinazobeba watu wa zamu ya usiku: mafuta ya freni yalibadilishwa lini? Hakuna aliyejua. Kamio ya mgodi haitoki bila karatasi yake ya asubuhi; bisi yenye watu makumi tano inatoka bila kitu. Tumeomba bisi nazo zipate karatasi hiyo, na kila shofere awe na haki ya kukataa kutoka kama pedali inalegea, bila kukatwa mushahara.

Jibu bado tunangojea. Wewe unayesoma, kesho asubuhi mbele ya kutoka, kanyaga pedali mara tatu.