Safari ya gari ugenini: hesabu usingizi kabla ya kilomita

Huenda utashangaa ukurasa wa afya kuzungumzia likizo. Siku hizi si ajabu tena katika parokia zetu kukuta familia yenye kijana anayesoma Italia, binti aliye sista huko, au ndugu padre aliyetumwa Roma kwa masomo. Fedha zikipatikana, wazazi na ndugu huenda kumtembelea, na wengi huchagua majuma yanayofuata Pasaka, wakati huko ni majira ya kuchipua: baridi kali imekwisha, joto la Julai bado, na miti inachanua. Wakishafika huona afadhali wakodi gari siku tatu au nne waione Assisi, Siena au Loreto, kuliko kukaa Roma tu. Ni wazo zuri. Sisi tulilifanya Aprili 2023, na nusura tusirudi nyumbani.

Jinsi tulivyokosea

Ndege yetu iliondoka Dar es Salaam Jumapili jioni. Mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, aliamka siku hiyo saa 11 alfajiri kumalizia shughuli za nyumbani. Njiani tulibadilisha ndege, tukangoja saa nyingi kwenye viti vya chuma, kisha tukatua Fiumicino Jumatatu asubuhi. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu ambaye ni padre mwanafunzi, alikuwa ametusihi tulale Roma kwanza. Tukamjibu kwamba siku zetu ni nne tu, na gari limekwisha kulipiwa kuanzia siku hiyo. Saa 5 asubuhi tulikuwa barabarani: sisi wawili, mtoto wetu wa miaka saba, na mama mkwe wangu mwenye miaka 68.

Kutoka Roma hadi Assisi ni kama kilomita 180, tuseme ni kama Dar es Salaam kwenda Morogoro. Nani angeogopa? Tulishika barabara kuu ya kulipia kuelekea kaskazini, tukaiacha Orte, tukala chakula cha mchana cha kushiba sana, tukaendelea kuelekea Terni. Barabara ilikuwa laini, haina shimo wala tuta, jua la upole likipiga kwenye kioo. Ilipata saa 8 mchana. Mara nikasikia mama mkwe akipiga kelele nyuma, “Mwanangu!” na honi ya lori ikalia pembeni yetu. Gari letu lilikuwa limehama njia taratibu, kama linalosukumwa na upepo. Mume wangu alilirudisha. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na hadi leo anasema hakusinzia.

Mimi namwamini kwamba hakumbuki, na hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Ubongo uliokosa usingizi haungojei ruhusa. Huzima kwa sekunde mbili, tatu au nne, wakati mwingine macho yakiwa wazi, kisha huwaka tena, na mwenyewe hana habari. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa gari hupita mita 30 kila sekunde. Sekunde nne ni mita zaidi ya 120, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, bila dereva.

Kukesha na ulevi

Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio lao: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi ya mikono na macho vibaya sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24 bila kulala, huwa kama mwenye asilimia 0.10. Sasa angalia: sheria ya Italia inamkataza dereva wa kawaida kuzidisha gramu 0.5 za kilevi kwa lita moja ya damu, ambayo ni ile ile asilimia 0.05, na dereva ambaye leseni yake haijatimiza miaka mitatu haruhusiwi hata tone. Mume wangu, mtu asiyekunywa kabisa, alikuwa na saa 34 tangu alipoamka, ukitoa usingizi wa vipande vipande kwenye kiti cha ndege. Polisi wangempima wasingeona kitu.

Watu husema ni tofauti ya majira ya saa. Kwa mwenye kwenda Marekani ni kweli. Lakini tangu Jumapili ya mwisho ya Machi, saa za Italia zinaposogezwa mbele, tofauti yao na sisi ni saa moja tu. Kilichotuchosha sisi ni usiku usiolaliwa. Juu ya hapo, mwili wa kila binadamu hulegea mara mbili kwa siku, kati ya saa 8 na saa 12 za usiku wa manane kuelekea asubuhi, na tena mchana kati ya saa 8 na saa 10. Ongeza chakula kizito na barabara isiyo na matuta, umepata kilichotupata.

Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio, kuimba na kutafuna karanga humfurahisha dereva tu, usingizi haumwachi. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama na kulala dakika 15 au 20. Kahawa nayo husaidia, ila huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo inywe kabla ya kujilaza, si baada ya kuamka. Hata hivyo, hiyo ni dawa ya kukufikisha penye kitanda. Haichukui nafasi ya usiku mzima.

Kwa sababu hiyo, ukipanga safari yako usianze na ramani. Anza na dereva: atalala wapi na saa ngapi kabla ya kushika usukani? Siku ya kutua isiwe siku ya kuendesha. Kutoka Fiumicino kuna treni ya moja kwa moja hadi stesheni ya Termini katikati ya Roma, dakika 32. Lala Roma usiku mmoja, na kama mfuko unaruhusu, miwili. Chukua gari asubuhi baada ya kulala vizuri, na andika tarehe hiyo kwenye mkataba tangu mwanzo ili fedha zisikusukume kama zilivyotusukuma. Kwa siku nne, mji mmoja wa kulala unatosha. Ukikaa Assisi unaweza kutembelea Perugia au Spoleto na kurudi kabla ya giza. Jua la mwisho wa Aprili huzama karibu na saa 2 usiku, kwa hiyo nafasi ipo. Wawili wakiwa na leseni, waandikishwe wote kwenye mkataba.

Mkono wa kulia

Ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo watacheka, maana wao wamezoea. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, na Italia wanaendesha kulia. Penye magari mengi si shida, unafuata wenzako. Shida ni pale ulipo peke yako: asubuhi na mapema, unapotoka sheli, unapotoka kwenye maegesho. Hapo mkono unakurudisha kushoto wenyewe. Sisi tuliweka utaratibu kwamba anayekaa mbele na dereva aseme kwa sauti “kulia” kila gari linapoondoka mahali liliposimama. Mtoto aliifurahia kazi hiyo kuliko sisi.

Kipilefti cha huko, ukipenda, kiite kipiraiti, maana magari yanazunguka kinyume na kwetu. Magari yetu mengi ya Kijapani yana indiketa upande wa kulia wa usukani. Ya huko iko kushoto. Basi siku ya kwanza kila ulipotaka kukata kona uliona wipa zinafuta kioo kikavu. Ni kichekesho, lakini jizoeze uwanjani kwanza. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, na gia hiyo utaishika kwa mkono wa kulia; ukitaka gari lisilo na gia za kubadilisha, liagize mapema. Na mafuta: neno “gasolio” si petroli, ni dizeli. Petroli ni “benzina”.

Waendao kwa miguu nao wafundishwe. Kwetu mtu akivuka hutazama kulia kwanza. Huko gari la kwanza linatoka kushoto. Wazee wana mazoea ya miaka sitini, hivyo bibi ashikwe mkono hata kama anaona aibu.

Watoto na wazee ndani ya gari

Italia mtoto aliye chini ya sentimita 150 lazima awe na kiti chake au kikalio cha kumwinua. Si ukaidi wa sheria. Mkanda wa mtu mzima humpita mtoto shingoni na tumboni, na gari likigonga, mkanda huo huo huumiza ini na matumbo. Mtoto wa chini ya miaka minne anahitaji pia kiti chenye kifaa kinachopiga kelele akisahauliwa garini. Sheria hiyo ilianza Novemba 2019. Agiza kiti pamoja na gari.

Mwenye shinikizo la damu au kisukari abebe dawa zake kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloweza kupotea, pamoja na karatasi yenye jina la dawa yenyewe na kipimo chake. Jina la kiwandani la hapa huenda mfamasia wa huko hajawahi kulisikia. Duka la dawa utalitambua kwa msalaba wa kijani. Mama mkwe wangu aliacha kidonge chake cha kukojoza siku mbili, na maji pia hakunywa, kwa kuogopa kutusumbua na vyoo. Tuligundua miguu ilipovimba. Tangu hapo tulisimama kila baada ya saa mbili, atake asitake, na kutembea dakika kumi. Damu isiyotembea miguuni huganda, na safari ndefu ya ndege ikifuatwa na ya gari huongeza hatari hiyo.

Majira yenyewe

Majira ya kuchipua yana ugonjwa wake, nao ni chavua. Mivinje huanza kutoa yake mapema, nyasi hufuata Aprili hadi Juni, na mizeituni Mei. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta, hata kama hajaitumia mwaka mzima. Dereva anayepiga chafya asimeze Piriton, kwa maana husinzisha. Setirizini na loratadini hazisinzishi sana, lakini azijaribu nyumbani kwanza. Sweta lisisahauliwe. Mchana unaweza kuvaa shati, na usiku Assisi, iliyo juu ya kilima, ikakutetemesha.

Ukitaka kuvuka milima kwenda Cascia, jua kwamba barabara nyingi za milimani zinadai matairi ya theluji au minyororo hadi tarehe 15 Aprili. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 25 Aprili na 1 Mei ni sikukuu, na Italia nzima iko barabarani. Siku hizo kaa ulipo.

Yaliyobaki ni ya kisheria, nitayapitia haraka. Leseni yetu inahitaji kuandamana na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi. Bima ya viza ya Schengen iwe ya euro 30,000 au zaidi. Mwendo ni kilomita 130 kwenye barabara za kulipia, 110 mvua ikinyesha, 90 barabara za kawaida nje ya mji, na 50 mjini. Nje ya mji washa taa hata mchana. Ukiona duara jeupe lenye ukingo mwekundu na herufi ZTL, usiingie, kwani kamera itakupiga picha na faini itakufuata hadi nyumbani. Assisi acha gari kwenye maegesho yaliyo nje ya kuta. Ajali au ugonjwa, piga 112.

Na jambo moja ambalo vitabu vya watalii havimwandikii mtu atokaye kwetu. Ukishikwa na homa ukiwa huko, hata ikiwa wiki mbili au tatu baada ya kuondoka nyumbani, usiseme ni baridi tu. Malaria unaweza kuwa umeondoka nayo mwilini. Italia ilitangazwa kuwa haina malaria mwaka 1970, na daktari kijana wa huko anaweza asiifikirie kabisa. Mwambie mwenyewe, mapema, kabla hajaandika dawa ya mafua: “Nimetoka Tanzania, nipimwe malaria leo.”