Mpiga Kinanda Kando ya Mto Tana



Katika Zaburi ya 137 twasoma habari za watu waliotundika vinubi vyao mitini kando ya mito ya Babeli. Mikono yao haikuwa imesahau kazi. Walikuwa mateka, na waliowateka walitaka kuchekeshwa kwa nyimbo za Sayuni. Leo tumfikirie mpiga kinanda wa kanisa, hasa yule anayetumika kando ya mto mwingine, mto Tana, mjini Garissa.

Safari yake kwa kawaida huanza utotoni. Wengi wa wazee wetu walijifunza kwa solfa, yaani do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi. Njia hiyo ilienezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, na wamishenari wakaileta kwetu. Baadaye mtoto aliketishwa kwenye kinanda cha kukanyaga. Miguu husukuma mivukuto, upepo hupita kwenye ndimi nyembamba za shaba, na kila ulimi hutoa sauti yake. Miguu ikisimama, wimbo hufa. Vumbi likiingia kwenye ulimi mmoja, sauti hiyo hunyamaza. Na vumbi Garissa si haba! Nadhani mpiga kinanda hutoka jasho kuliko mhubiri, ila hakuna amwambiaye pole. Siku hizi viko vya umeme, lakini kazi ni ileile tangu ujana hata vidole vikakamae: kuwasaidia wengine waimbe. Akipiga hata kusanyiko lisisikike, amejiimbia mwenyewe.

Wakristo wa Garissa ni wachache, na wengi walifika kwa ajili ya kazi: walimu, wauguzi, askari, wafanya biashara. Kila mmoja ana lugha ya kwao. Wimbo wa Kiswahili ndio huwakutanisha.

Jumapili tarehe 1 Julai 2012 watu wenye silaha waliwashambulia waumini wa Africa Inland Church wakiwa ibadani, wakaua watu wapatao 17. Kanisa Katoliki nalo lilirushiwa guruneti asubuhi hiyo. Kisha alfajiri ya Alhamisi kabla ya Pasaka, 2 Aprili 2015, Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, miongoni mwao wanafunzi waliokuwa wameamkia maombi.

Huenda mtu akauliza: je, huo si wakati wa kutundika vinubi? Mimi simlaumu anyamazaye. Iko huzuni isiyotaka wimbo. Lakini angalieni jambo hili la ajabu: wale waliosema hawawezi kuimba ndio waliotuachia Zaburi hiyo, nayo ni wimbo. Kilio chao kiliwekwa kitabuni pamoja na sifa.

Hata hivyo tusiiite Garissa Babeli. Baada ya mauaji ya 2012 viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Mateka hawatendewi hivyo. Tena mto wenyewe una wimbo wake. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, wakiwamo wanamuziki Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ilitunga wimbo wa taifa la Kenya. Tuni yake ilitoka katika wimbo wa mama wa Kipokomo abembelezaye mtoto, nao uliletwa na Meza Morowa Galana. Wapokomo ni watu wa Tana hiyohiyo inayopita Garissa ikishuka baharini. Maneno yake ni ombi kwa Mungu, na watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wa Garissa huliimba pamoja shuleni.

Jumapili ya Pasaka, siku tatu tu baada ya msiba wa chuo, Wakristo wa Garissa walikusanyika kuabudu, askari wakiwalinda.

Basi, ndugu mpiga kinanda, ukiwa na kusanyiko lililofiwa, uanze wimbo chini, maana koo lililolia halifiki juu. Piga ubeti mmoja peke yako. Ngoja. Wasipoitika, piga wa pili. Kumbuka Matendo 16: Paulo na Sila waliimba usiku gerezani Filipi bila kinanda, na wafungwa wengine walikuwa wakisikiliza. Luka hasemi kama waliitikia.

Tuombe. Ee Baba, uwatie nguvu wapiga vinanda wa Garissa, na wote walioketi mbele yao wasioweza kuimba leo. Amina.