Babu Aliyepotelea Kambini: Kufuatilia Nasaba ya Wazee Waliokuja na Mkonge

Katika ofisi za watendaji wa kata zinazopakana na mashamba ya mkonge mkoani Tanga, ombi la namna moja hurudi tena na tena. Familia inataka kufungua mirathi, au kijana anaomba kitambulisho cha Taifa, au mzee wa miaka sabini na ushei anatafuta cheti cha kuzaliwa ambacho hakuwahi kuwa nacho. Fomu inauliza jina la baba, kisha la babu, kisha mahali walipozaliwa. Baba anajulikana vizuri. Babu anajulikana kwa jina moja na kabila moja: alikuwa Muha, au alitoka Songea, akaja kukata mkonge. Nyuma ya hapo hakuna aliyebaki anayeweza kusema neno.

Familia nyingi huamini kwamba mzee huyo hakuandikwa popote. Mara nyingi si hivyo. Aliandikwa, lakini kwa jina ambalo wajukuu hawalijui, na mahali ambapo hawajafikiri kutazama.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalikua mashamba makubwa kiasi kwamba nguvu ya wenyeji haikutosha, na wenyeji wenyewe, waliokuwa na mashamba yao ya chakula, hawakuwa na hamu ya kazi ile. Wafanyakazi wakatafutwa mbali: Kigoma, Njombe, Songea, nyanda za Mbeya, na ng'ambo ya mipaka, Burundi na Msumbiji. Kodi iliyodaiwa kwa fedha taslimu iliwasukuma wengi kutoka makwao kuliko maneno matamu ya wakala. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na katika miaka ya 1950 mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000. Waliokuja kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Neno hilo peke yake linaeleza nusu ya tatizo la wajukuu wao.

Nusu ya pili imo katika majina. Kijana aliyeondoka kwao akiwa na jina la utotoni, alilopewa na bibi yake kwa lugha ya kwao, alifika mbele ya karani asiyeijua lugha hiyo. Karani aliandika alivyosikia. Baada ya miaka michache kambini, kijana yuleyule huenda alisilimu akaitwa Juma, au alibatizwa akaitwa Petro. Jina la pili nalo halikuwa lazima liwe la baba yake mzazi. Wapo waliotumia jina la mzee aliyewapokea, au la mwalimu aliyewasilimisha. Aliyetoroka shamba moja kabla ya kumaliza mkataba alijiandikisha shamba jingine kwa jina jipya, kwani jina la zamani lingemrudisha kwenye kesi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne, yote ya kweli kwa wakati wake, na wajukuu wakabaki na la mwisho tu.

Kabila lililoandikwa nalo lisichukuliwe kuwa ushahidi kamili. Mtu wa mpakani aliweza kujitaja kwa kabila lililokuwa na watu wengi kambini ili alale penye lugha anayoielewa. Jina kama Mmawia au Mnyasa lilibebeshwa watu wa sehemu mbalimbali, na lilisema zaidi juu ya upande aliotokea mtu kuliko juu ya ukoo wake.

Hali ya akina bibi ni ngumu zaidi. Mwanamke aliyekuja kama mke wa manamba hakuwa na namba, na katika hesabu ya shamba alikuwa mtegemezi. Aliyekuja peke yake, akapika pombe au akauza chakula kambini, hakuwamo hata katika hesabu hiyo. Familia inayomtafuta bibi yake italazimika kumtafuta kupitia mumewe, watoto wake na dini yake.

Lawama za kutokuwapo kwa cheti hazimwangukii mzee wala familia yake. Sheria ya uandikishaji wa vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, lakini kwa miaka mingi ya utawala wa Waingereza ulazima wake uliwahusu Wazungu na Waasia. Mwafrika aliyezaliwa kambini mwaka 1940 hakuwa na karani aliyetakiwa kumwandika. Kutafuta cheti cha kuzaliwa cha babu wa namna hiyo ni kupoteza nauli. Kinachotafutwa ni alama nyingine alizoziacha.

Alama ya kwanza huwa nyumbani, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati. Risiti za kodi ni hazina: hubeba mwaka na mahali kodi ilipolipwa, na huenda zikabeba jina la kiongozi ambaye mlipaji alihesabiwa chini yake. Kipande, ile kadi ya kazi iliyokuwa na nafasi za siku 30, ambapo mshahara ulilipwa siku zote zilipotimia, huweza kuonyesha shamba na namba. Kadi ya TANU, chama kilichoanzishwa mwaka 1954, huonyesha tawi. Karatasi hizi zisiwekewe plastiki ya moto wala kuandikwa juu yake kwa kalamu. Zipigwe picha pande zote mbili, kisha zirudishwe mahali pakavu.

Alama ya pili ni watu, na hapa familia nyingi hukosea kwa kuwauliza ndugu peke yao. Kambini mtu aliishi mbali na ndugu. Alipougua alihudumiwa na jirani wa chumba, na alipofariki alizikwa na watani pamoja na wanachama wenzake wa chama cha kuzikana. Mtani ndiye aliyekuwa na haki ya kufanya mzaha msibani, na ili mzaha huo uume alihitaji kujua marehemu ni mtoto wa nani na ametoka wapi. Habari za babu Mngoni zinaweza kuwa kinywani mwa mzee wa kabila jingine kabisa, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kwa kuwa si wa ukoo. Mwenyekiti wa kitongoji kwa kawaida anawafahamu wazee waliobaki wa kila kambi ya zamani, na kumwona yeye kwanza huokoa siku nyingi za kuzunguka.

Mzee huyo asiulizwe jina tu. Jina ndilo linalosahaulika upesi na ndilo lililobadilika mara nyingi. Aulizwe marehemu alifika na nani, kwa treni au kwa lori, alikuwa akiimba ngoma gani, alimtaja kiongozi gani wa kwao, alikuwa akituma barua au salamu kwa nani. Waha, kwa mfano, walimwita kiongozi wa eneo lao mtwale, na jina la mtwale mmoja likikumbukwa huweza kuelekeza kwenye kundi la vijiji vichache badala ya mkoa mzima wa Kigoma.

Alama ya tatu ni daftari za dini. Daftari la ubatizo hubeba majina ya wazazi na ya msimamizi, na mara nyingi mahali pa kuzaliwa. Kanisa Katoliki lina utaratibu mmoja wenye faida kubwa kwa mtafutaji: mtu anapofunga ndoa, habari hupelekwa parokia aliyobatizwa na kuandikwa pembeni mwa jina lake. Hivyo Mngoni aliyebatizwa utotoni katika misheni za Songea na kuoa mkoani Tanga anaweza kuwa ameacha alama pande zote mbili, na daftari la ndoa la huku likataja parokia ya kule. Kwa Waanglikana, misheni ya Magila wilayani Muheza ni ya tangu karne ya 19 na ni mahali pa kuanzia. Kwa Waislamu, ndoa na talaka za zamani zilipita mikononi mwa masheikh na maliwali. Pasipo karatasi, walimu wa madrasa na familia za masheikh hao ndizo zenye kumbukumbu. Ofisi ya dini hufungua daftari zake kwa hiari, kwa hiyo barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kata inafaa kutangulia.

Ofisi za mashamba zenyewe hazitarajiwi kutoa mengi. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kisha yakabinafsishwa miaka ya 1990, na daftari la vibarua wa zamani halikuwa mali ambayo mpokeaji aliijali. Hata hivyo, mzee aliyeendelea na kazi baada ya mwaka 1964 anaweza kuwa aliandikishwa katika Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, ambao baadaye ulizaa NSSF. Kwa miaka ya nyuma zaidi ipo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, inayotunza majalada ya utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Majalada hayo hutaja mashamba, wilaya walikotolewa watu na miaka ya uajiri. Majina ya vibarua mmoja mmoja ni machache. Faida yake ni kupunguza eneo la kutafuta.

Juhudi hizi zina uzito wa kisheria. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika alipata uraia iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Kwa mjukuu wa mtu aliyetoka Burundi au Msumbiji, mahali alipozaliwa bibi pengine ndipo shauri zima linapoegemea, na bibi ndiye ambaye hakuandikwa. Katika mirathi, Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mashauri yanayofuata sheria za kimila na za Kiislamu, na hutaka kujua warithi ni akina nani. Yupo mzee aliyeacha mke na watoto kwao kabla ya kuja kwenye mkonge. Watoto wale nao ni wake. Huko kwao yeye ndiye aliyepotea, na huenda wajukuu wa upande ule bado wanamtafuta kwa jina lake la utotoni.

Kwa sababu hiyo kishawishi cha kuziba pengo kwa jina la kubuni kiepukwe. Hati ya kiapo isemayo babu alizaliwa katika kijiji ambacho hakuna anayekijua ni kosa kisheria, na ikigundulika huharibu hata yale yaliyokuwa kweli. Hati inaweza kueleza kinachofahamika, aliyekieleza, na kisichofahamika. Mwombaji wa cheti cha kuzaliwa aliyechelewa kuandikishwa huombwa na RITA ushahidi kama cheti cha ubatizo au cha shule pamoja na viapo. Ushahidi mdogo unaokubaliana una nguvu kuliko maelezo marefu yanayopingana.

Maelezo ya mzee anayekumbuka yaandikwe mapema, kabla ya kesi wala maombi yoyote, kwani maelezo yaliyotolewa pasipo ugomvi huaminika zaidi. Yaandikwe kwa maneno yake, yawe na tarehe, asaini au aweke dole gumba mbele ya mashahidi wawili wasio warithi, kisha nakala moja ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa ili agonge muhuri. Anayerekodi kwa simu aanze kwa kumwacha mzee ataje mwenyewe jina lake, umri wake na namna alivyomfahamu marehemu, na kurekodi kuendelee hata mzee anaponyamaza, kwa kuwa jina lililotafutwa mara nyingi huja baada ya ukimya huo.